UZI: Kalamu ya wino ya zamani, ipi utoe pesa na ipi uiwache palepale kwenye kabati la duka

MwanaShangani

Assalaam alaykum wadau.

Nimeamua kuandika hapa mara moja, kila mtu asome, kwa sababu simu yangu imejaa picha za kalamu. Mtu kapita Hurumzi au Gizenga huku Mji Mkongwe, kaona kalamu ya wino ndani ya kabati la kioo, muuzaji kamwambia "hii ya mkoloni, ya Bwana D.C.", basi ananitumia picha yenye ukungu anauliza "nichukue?"

Jibu langu ni moja. Kalamu ya zamani naipima kwa vitu viwili: ncha ya nibu (kile kichuma cha kuandikia), na uzima wa kifuniko na kiwiliwili. Nasema hivyo kwa sababu hivi viwili vikiharibika hapa Unguja hakuna wa kukurudishia. Mpira uliokauka, wino ulioganda, klipu iliyolegea, kutu kidogo ndani, hayo yote ni ya kuteremshia bei. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanaangalia inavyong'ara, wanaiwacha iliyochafuka yenye nibu nzima na kuibeba iliyopigwa Brasso yenye nibu iliyokwisha.

Tuanze na nibu. Chukua ile lenzi ndogo wanayotumia mafundi saa na masonara, wapo wanaoziuza kwa bei ya kawaida tu. Angalia mwisho kabisa wa nibu, pale panapogusa karatasi. Lazima uone kidonge kidogo cheupe-cheupe, rangi yake si ya dhahabu. Hicho ndicho kinachoandika. Dhahabu ni laini, ikisuguana na karatasi yenyewe kwa yenyewe inalika, ndiyo maana tangu zamani viwanda vilichomelea chuma kigumu cha jamii ya iridiamu hapo kwenye ncha. Mpasuko wa nibu unakigawa kidonge hicho nusu kwa nusu. Nusu moja ikiwa haipo, au zote mbili zimelika mpaka bapa lenye makali, hiyo nibu imekwenda. Nchi za nje wapo mafundi wa kuchomelea kidonge kipya, lakini malipo ya kazi hiyo na usafiri unaweza kununua kalamu nyingine.

Ncha mbili zikiwa zimepishana kidogo, moja juu moja chini, hilo si neno. Ukucha na subira vinalirudisha. Lakini ukiona nibu imekunjwa kama iliyoanguka kichwa chini, na pale ilipokunjwa pana mstari wa ufa, iwache.

Halafu kifuniko. Mdomo wa kifuniko ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, maana kila siku unafungwa na kufunguliwa. Jicho peke yake linadanganyika. Pitisha ukucha pole pole kuzunguka mdomo wote. Ukucha ukinasa hata kidogo, pana ufa. Kisha geuza kifuniko kwenye mwanga wa mlango, uangalie kwa ndani. Ufa wa leo mfupi mwakani umefika kwenye klipu.

Jambo la tatu ni la pembeni: usilipie hadithi. Hadithi haina risiti.

---

Kijana_wa_Michenzani

Mkuu shukrani. Swali la haraka. Nimeiona moja pale karibu na Darajani, nibu imeandikwa 14K. Si ina maana ni dhahabu? Hata isipoandika si nitampelekea sonara?

---

MwanaShangani

Ni dhahabu, ndiyo. 14K au 14ct au 585 ni kitu kimoja, maana yake sehemu 585 kwa 1000 ni dhahabu. Lakini ipime uone. Nibu za kalamu nyingi hazifiki hata gramu moja, tena nyingi ni chini ya nusu gramu. Sonara atakupa hela ya chai na mandazi, na kalamu utakuwa umeiua. Na usimruhusu ajaribu dhahabu kwa kuisugua kwenye jiwe lake, ataikwangua nibu hapohapo.

Kinyume chake pia ni kweli: si kila nibu ya chuma ni takataka. Esterbrook, kwa mfano, nibu zake nyingi ni za chuma tu, lakini zinafunguka kwa skrubu kwa mkono, unatoa iliyokufa unatia nyingine. Osmiroid za Kiingereza nazo hivyohivyo. Mie Esterbrook chafu ya bei ndogo naichukua haraka kuliko kalamu ya dhahabu yenye ufa.

Ukiona nibu imeandikwa "Iridium Point Germany" na muuzaji anakwambia ya mwaka arobaini na saba, mwambie ahsante, uondoke. Maandishi hayo ni ya kalamu za juzijuzi za bei nafuu, na nyingi yao Ujerumani hazijapita.

---

BintiWete

Shikamooni wakubwa. Mie niko Pemba. Ami yangu ananiuzia kalamu ya babu, Parker, rangi ya damu ya mzee, kifuniko cha chuma kisichong'ara sana, nibu yake imejificha ndani, inachungulia ncha tu. Anataka Sh 120,000. Anasema ni Parker 51. Ubavuni pamechongwa jina la babu kwa herufi za Kiarabu. Ntaijuaje kama ya kweli? Na bei hiyo ni sawa?

---

Kijana_wa_Michenzani

Hahaha subiri kwanza. Kalamu ya babu yako, ami anakuuzia wewe mjukuu? Mirathi ilipita vipi hapo 😂

---

BintiWete

Iliingia kwenye fungu lake pamoja na saa ya ukutani. Saa kashaiuza. Tusiingie huko.

---

MwanaShangani

Bi, hiyo ni habari nzuri, tuiangalie taratibu.

Parker 51 ilitoka sokoni 1941, na zilitengenezwa kwa mamilioni. Kwa hiyo si kitu adimu, na mtu akikwambia "zimebaki chache duniani" anakutania. Thamani yake ni kwamba ni imara mno. Mwili wake ni plastiki ya akriliki, haukauki wala haupindi kama seluloidi, plastiki za kabla yake, na nibu ikiwa imefunikwa haikauki upesi. Za kwetu huku nyingi ni za Newhaven, Uingereza, kwa sababu ndiko bidhaa zetu zilikokuwa zikitoka wakati ule wa himaya.

Tatizo ni kwamba zipo nyingine zinazofanana nayo. Hero za Shanghai ziliigiza umbo hilohilo, na huku kwetu ziliingia kwa wingi. Hero 616 ndani ya mfuko wa shati huwezi kuitofautisha na 51. Na Parker wenyewe walikuwa na ndogo yake ya bei rahisi, Parker 21, ya 1948, nibu yake si dhahabu, na plastiki yake ina tabia ya kupasuka pale mbele kwenye ganda linaloificha nibu.

Fanya hivi. Soma maandishi chini ya mdomo wa kifuniko na ubavuni mwa kiwiliwili. Yawe yamechongwa, si yamechapwa kwa rangi. Kisha zungusha kiwiliwili kifunguke. Ndani unatakiwa uone mrija wa chuma una bapa lenye mistari la kubonyeza, na maelekezo ya kujaza wino yamechongwa kwa Kiingereza. Kama badala yake mkiani pana kikofia kidogo kinachofunguka na chini yake kuna kitufe, basi ni ile ya mwanzo, ya kabla ya 1948, ina utando wa mpira ndani, na huo utando ukifa unataka kifaa maalumu. Hiyo punguza bei sana.

Jibu nikwambie jaribio.

---

BintiWete

Nimefungua. Kuna mrija wa chuma na bapa. Umeandikwa Parker na 51, na maneno ya Kiingereza marefu nimeyasoma nusu. Hakuna kitufe mkiani. Kwenye kifuniko pia pana Parker na Made in England.

---

MwanaShangani

Mashallah. Sasa mwombe ami glasi ya maji ya baridi. Chovya ncha tu, bonyeza lile bapa. Viputo vitoke. Achia, hesabu mpaka kumi bila haraka, toa kalamu kwenye maji, bonyeza tena juu ya karatasi ya chooni. Maji yakitoka, inavuta. Ule mrija wa ndani wa 51 hizi si mpira, ni plastiki laini, na ndiyo maana nyingi bado zinavuta baada ya miaka sitini na zaidi. Zingatia pia rangi ya maji yatakayotoka. Bluu au nyeusi ya kuyeyuka ni nzuri, maana yake ulikuwemo wino wa kawaida. Yakitoka na chembe ngumu kama za rangi ya mlango, mtu alitia wino wa kuchorea, na huo ukiganda kwenye ulimi wa chini ya nibu ni kazi.

Maji ya moto usitumie. Spiriti na tina usizisogeze kabisa, akriliki inapasuka nyufa-nyufa.

---

FundiSaa_Mlandege

Naomba nichangie kama fundi, maana mwenzangu kasema mpira uliokauka ni wa kuteremshia bei tu, kama vile si neno. Si neno kwa mwenye mpira. Kalamu nyingi za wakati ule hazijui mambo ya Parker 51, zina kile kiwiko ubavuni unachokiinua: Conway Stewart, Mentmore, Platignum. Ndani yake kuna mfuko wa mpira na springi ya chuma. Hewa yetu ya bahari unaijua. Nikizifungua, nyingi springi imekula kutu imebaki nusu, na mpira umekuwa mgumu unavunjika kama biskuti. Kiwiko ukikiinua kikaenda chepesi bila kupinga chochote, springi hakuna. Kikigoma kabisa, usilazimishe, mpira umegandia, utakivunja.

Mifuko mipya inaagizwa. Inapimwa kwa namba, na namba hiyo ni kipenyo kwa sehemu za 64 za inchi, yaani namba 16 ni robo inchi. Inagandishwa kwa shelaki, si kwa gundi ya haraka. Wapo wanaonijia wakitaka nitie mpira wa valvu ya baiskeli. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Ni mnene, hauvuti wino wa maana, na ukitiwa ndani ya kalamu ya rangi ya maziwa, baada ya muda rangi inageuka kahawia kwa moshi wa ule mpira wenyewe.

Jambo la pili mafundi wenzangu wanisamehe: koleo. Nikipewa kalamu yenye alama za meno ya koleo karibu na nibu, najua kuna mtu alishalazimisha, na mara nyingi ndani pana ufa. Mnunuzi, angalia hapo.

---

MwanaShangani

Fundi kasema kweli, na la springi nilipaswa kuliweka juu kabisa. Niongeze la eboniti. Hizi kalamu nyeusi za kabla ya vita, nyingi ni mpira mgumu, si plastiki. Zikikaa juani na unyevu zinageuka rangi ya kahawia au kijani cha zaituni. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, unuse. Harufu ya kiberiti, ni eboniti. Hizo usizizamishe kwenye maji hata kidogo, zitageuka rangi usiku mmoja. Na Conway Stewart za mwanzo zenye rangi za marumaru, baadhi yake ni kaseini, kitu kinachotokana na maziwa, nayo maji yanaivimbisha. Kwa hiyo lile jaribio la glasi la Bi wa Wete ni la 51, msije mkazamisha kila kitu.

---

DukaLaMkunazini

Mimi ni muuzaji, nimekaa nasoma kimya. Mnatusema sana. Kodi ya duka Mji Mkongwe mnaijua? Mtalii akiingia hataki lenzi wala ukucha, anataka kalamu ya Zanzibar na hadithi yake, na analipa. Nikikuuzia wewe mwenyeji kwa bei ya chini, nani ananifidia? Na siyo kila hadithi ni ya uongo. Nilishanunua vitu kutoka nyumba za watu waliofanya kazi serikalini tangu kabla ya 1964.

---

MwanaShangani

Bwana, hakuna aliyesema wote ni waongo. Nyumba zenyewe zipo, na vitu vyake vinatoka kweli. Nilichosema ni kwamba hadithi haina risiti, na mtalii kulipia hadithi ni haki yake. Sisi tunataka kuandika.

Ila mkubali nanyi: kabati moja lina dira za shaba na darubini mpya za India zilizopakwa uzee, na katikati yake kalamu. Mteja ataamini kipi? Na lile la kalamu za Montblanc, nimelisikia kwa masikio yangu, muuzaji anaonesha 4810 kwenye nibu anasema ndiyo namba ya pekee ya kalamu hiyo. 4810 ni urefu wa mlima Mont Blanc kwa mita, kama ulivyohesabiwa zamani. Imo kwenye nibu zao nyingi, za kweli na za bandia.

---

DukaLaMkunazini

Hilo la 4810 sikulijua. Nitalirekebisha. Lakini njoo na wateja wako waache kuteremsha mpaka nusu.

---

Ustadh_Jangombe

Assalaam alaykum. Mimi nataka kwa ajili ya kuandikia Kiarabu, vyeti vya madrasa na mialiko ya harusi. Hizi za zamani zinafaa? Nimezoea kalamu ya mwanzi.

---

MwanaShangani

Wa alaykumu s-salaam Ustadh. Nibu ya duara ya kawaida itakuandikia, lakini haitakupa unene na wembamba uliouzoea kwa mwanzi. Tafuta nibu bapa iliyokatwa. Osmiroid ndizo zilizouzwa kwa kazi za hati, nibu zake ni za skrubu na zilikuja kwa upana mbalimbali. Tahadhari moja: nyingi zilikatwa kwa mkono wa anayeandika kushoto kwenda kulia, na mshazari wake unaweza ukawa kinyume na ulivyouzoea. Kwa hiyo usinunue kwa picha. Ichovye dukani, andika alifu na ba, ukiona mstari wa kusimama unatoka mwembamba unapotaka mnene, iwache. Na wino wa kombe wa zafarani usiutie humo ndani kamwe, utaziba.

Karatasi pia. Karatasi ya madaftari ya shule inasambaza wino na utailaumu kalamu bure. Chukua ya kwako mfukoni unapokwenda kununua.

---

BintiWete

Nimefanya. Viputo vimetoka. Maji yametoka mara ya pili, bluu imefifia. Hakuna chembe. Mdomo wa kifuniko ni chuma, ukucha haukunasa. Nimeandika jina langu kwa maji yale yale, imeandika, lakini inakwaruza ukipeleka mkono kushoto. Kwa lenzi ya simu nimeona ncha moja imekaa juu ya mwenzake. Kidonge kipo pande zote mbili, nimekiona.

Na ami sasa anasema kwa kuwa inavuta, bei ni 150,000.

---

Kijana_wa_Michenzani

😂😂 Jaribio limempandishia bei.

---

MwanaShangani

Bi, ndiyo maana nawaambia watu wajaribu huku uso umekunjwa.

Sikiliza. Kinachokwaruza kinarekebishika, lakini kwa kuwa ami hajui hilo, mwoneshe hiyo ncha kwenye lenzi. Halafu jina. Soko la wakusanyaji huku na kwingine linapunguza bei kwa kalamu yenye jina la mtu lililochongwa, maana kila mnunuzi anataka yake. Ami akiipeleka kwa muuzaji yeyote Mjini ataambiwa hilo mara moja, na huyo muuzaji atampa chini ya alichokitaja kwako mwanzo. Kwako wewe jina hilo ni sababu ya kuinunua, lakini usimwambie.

Mie ningesimama kwenye bei yake ya mwanzo au chini yake. Nibu nzima, inavuta, haina ufa: hiyo ni kalamu ya kununua. Ikipanda zaidi ya hapo, unamlipa ami, hulipii kalamu.

---

DukaLaMkunazini

Nathibitisha kama muuzaji. Yenye jina kwa Kiarabu mimi nisingefika hata 80,000. Bi, mwambie ami apige simu maduka mawili ya huku.

---

BintiWete

Kapiga. Kanyamaza nusu saa. Kasema 100,000 na nimnunulie wino chupa moja, eti naye ana kalamu yake ya siku nyingi anataka kuianza tena. Nimelipa.

Ncha nairekebisha vipi? Na wino gani?

---

FundiSaa_Mlandege

Ile ncha ya juu ibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba taratibu kwenda chini, kidogo sana, wacha, angalia kwa lenzi, rudia. Usiipinde mara moja. Kwenye 51 nibu imefunikwa, kwa hiyo huna nafasi kubwa, fanya pole pole. Ikikushinda usilitoe lile ganda la mbele, limegandishwa kwa shelaki, linataka joto la kiasi na mikono inayojua. Niletee kwa mtu anayekuja na boti.

---

MwanaShangani

Wino wa kawaida wa kalamu za wino, Quink au mfano wake. Usitie wino wa kuchorea, na usitie ule wa kienyeji wenye chuma ndani, unakula vyuma. Kila ukiujaza mara kadhaa, ivutie maji ya baridi itoke safi. Ukijua hutaiandikia wiki kadhaa, itoe wino, uikaushe. Na kalamu ya ami mwambie kwanza aioshe kabla hajatia huo wino mpya, asije akasema ulimnunulia wino mbovu.

---

Mgeni_Chake

Samahani kwa kuchelewa. Mimi nimeipata Parker 61, ina kimshale kidogo cha chuma juu ya nibu. Haina pampu, haina kiwiko, haina kitu. Jamaa anasema inajivuta yenyewe. Nimeweka picha mbili. 70,000. Nichukue?

---

MwanaShangani

Hajakudanganya. 61 za mwanzo zinajijaza kwa kufunguliwa kiwiliwili na kusimamishwa mkia chini ndani ya wino, zinanyonya zenyewe. Shida ni kwamba wino ukikaukia humo ndani, kuutoa ni kazi ya siku nyingi za kupitisha maji, na nyingine hazifunguki tena. Huwezi kuijaribu dukani kwa dakika tano. Kwa hiyo bei yake iwe ya kalamu usiyojua kama itaandika, na 70,000 si bei hiyo. Kimshale nacho kiguse kwa kidole, vinabanduka.

Picha ya kwanza ni kifuniko tu. Ya pili ncha haionekani, imejaa mwanga wa taa. Piga tena karibu na dirisha, bila flashi, ncha ielekee kwenye simu.